Maswali mnayoniuliza mara kwa mara kuhusu miji iliyopigwa mabomu vitani

Nafundisha historia sekondari, na kila mwaka nikifika kwenye vita kuu ya pili maswali ni yaleyale, wanafunzi wanauliza, wazazi wao wanauliza, hata walimu wenzangu tukiwa ofisini tunakunywa chai wanauliza, kwa hiyo nimeamua kuyajibu yote kwa pamoja na nitaandika kama ninavyoongea darasani. Kuna kitu kimoja tu nataka msomaji akishike kabla hatujaanza. Vitabu vyetu vinaandika "mji fulani ulipigwa mabomu" halafu aya inayofuata tayari iko kwenye mkataba wa amani, kama vile mji ni kambi ya jeshi. Mji ni watu. Na wakati wa vita vijana wa kiume wameshachukuliwa jeshini, sasa waliobaki mjini ni kina nani? Kina mama, wazee, watoto, wagonjwa, vibarua wa viwandani. Ndo maana kwenye majibu haya nitakuwa narudi palepale, chini kulikuwa na nani.

Nani alikuwa wa kwanza kuangusha bomu kutoka kwenye ndege?

Wengi wanasema Mjerumani, wengine Mmarekani. Alikuwa Muitaliano, na bomu lenyewe lilianguka Afrika. Tarehe 1 Novemba 1911 rubani Giulio Gavotti wa jeshi la Italia aliruka na kindege chake nje kidogo ya Tripoli, Libya, kwenye ile vita ya Italia na dola ya Osmani, akiwa na mabomu manne madogo ya kushika kwenye kiganja, akayarusha kwa mkono moja moja huko Ain Zara na Tajura. Siku ile madhara yalikuwa madogo sana.

Miaka 24 baadaye Italia ikarudi na ndege kubwa, safari hii Ethiopia. Tarehe 6 Desemba 1935 walipiga mji wa Dessie wakati Mfalme Haile Selassie mwenyewe yuko pale, na hospitali yenye alama ya msalaba mwekundu ikapigwa. Baadaye wakaanza kumwaga gesi ya sumu kutoka juu, ile inayobabua ngozi na kupofua macho, ikawapata askari na ikawapata wafugaji na ng'ombe wao na maji waliyokuwa wanakunywa. Juni 1936 Haile Selassie akaenda Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa akaeleza yote hayo kwa kinywa chake, na Ethiopia haikupata msaada wowote wa maana. Mimi huwa naanza somo hapa kwa makusudi kabisa, kwasababu mtoto akianza na London anadhani haya mambo yalianzia Ulaya yakaishia Ulaya.

Kabla ya ndege miji haikupigwa?

Ilipigwa sana tu, kwa mizinga kutoka melini. Waulize watu wa Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zilipiga kasri la Sultani kwa dakika kama 40 hivi, na watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Tofauti ni kwamba meli inafika mwisho wa bahari, ndege inakufuata mpaka bara.

Kwanini walilenga raia badala ya kupigana na jeshi la mwenzao?

Hili ndo swali lenyewe, naomba mnivumilie nitalijibu kwa urefu.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, ambapo askari walikaa kwenye mahandaki miaka minne wanauana bila mstari kusogea, kulikuwa na maofisa waliotafuta njia ya kuruka juu ya yale mahandaki. Mmoja wao ni jenerali wa Italia anaitwa Giulio Douhet, aliandika mwaka 1921 kwamba ukipiga miji ya adui kwa nguvu, wananchi watakata tamaa, watailazimisha serikali yao isalimu amri na vita itaisha haraka. Kwa maneno mengine mwananchi wa kawaida ndo awe shabaha. Na tayari watu walikuwa wameshaonja, maana tarehe 13 Juni 1917 ndege za Ujerumani zilipiga London mchana kweupe zikaua watu 162, na bomu moja lilipita paa la shule ya Poplar likaua watoto 18, wengi wao wa miaka minne mpaka sita. Yaani chekechea.

Sababu ya pili ni ya kiufundi na watu wengi hawaijui. Mwanzoni Waingereza walisema wanalenga viwanda, reli na bandari tu. Lakini mchana ndege zao zilikuwa zinadunguliwa sana wakahamia usiku, na usiku hawaoni kitu. Agosti 1941 ripoti ya serikali yao wenyewe ilipima picha zilizopigwa na ndege zikaonyesha kwamba katika ndege zilizosema zimepiga shabaha ni moja tu kati ya tatu iliyofika hata ndani ya maili tano za shabaha hiyo. Maili tano! Ni kama ulenge Kariakoo bomu likaanguke Ubungo. Sasa walikuwa na mambo mawili ya kuchagua, waache au watafute shabaha kubwa ambayo hata ukikosea unaipata. Shabaha kubwa kuliko zote ni mji wenyewe. Tarehe 14 Februari 1942 agizo likatoka kwamba lengo kuu sasa ni moyo wa wananchi wa adui, hasa wafanyakazi wa viwandani, na wiki moja baadaye Arthur Harris akapewa kikosi cha ndege za mabomu aitekeleze kazi hiyo.

Na kama bado unadhani nyumba za watu zilipigwa kwa bahati mbaya, angalia walichofanya Wamarekani mwaka 1943 kule Dugway, jangwani Utah. Walijenga nyumba za mfano za Kijerumani na za Kijapani, nyumba kamili, wakaleta wasanifu waliojua ujenzi wa nchi hizo, ndani wakaweka samani, vitanda, na kwenye zile za Kijapani wakatandika mikeka ya tatami kama inavyotandikwa kwao. Halafu wakazichoma. Wakazijenga tena, wakazichoma tena, ili wajue bomu gani linashika moto haraka kwenye chumba mtu anacholala. Kila nikilifikiria hilo mtu kukaa akachagua mkeka mzuri wa kuchoma nakosa raha kabisa.

Guernica ilikuwa nini?

Mji mdogo wa Wabaski huko Hispania. Tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu ambayo ni siku ya gulio, kuanzia saa kumi na nusu jioni ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zinamsaidia Franco, jenerali aliyekuwa anapigana na serikali ya Hispania, ziliupiga kama masaa matatu, mabomu ya kubomoa kwanza halafu ya moto. Serikali ya Wabaski ilitaja vifo 1,654, wanahistoria wa siku hizi wengi wanataja mamia kati ya 150 na 300. Upande wa Franco walisema wenyeji ndo wamejichomea mji wao. Ilichukua mpaka 1997 Rais wa Ujerumani Roman Herzog kukiri rasmi kwa maandishi kwamba nchi yake ilihusika.

London walijificha wapi?

Kwa kifupi popote palipokuwa chini ya ardhi. Kuanzia 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga London usiku 57 mfululizo, na mpaka kampeni inaisha Mei 1941 Uingereza nzima ilikuwa imepoteza raia kama 43,000. Wenye bustani walifukia kibanda cha bati nyuma ya nyumba, wasio na bustani wakashuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Mwanzoni serikali haikutaka watu walale kule, watu wakawa wananunua tiketi ya bei ndogo kabisa wanaingia hawatoki, mpaka serikali ikakubali yaishe ikaweka vitanda na vyoo. Kabla ya hapo, Septemba 1939, walishahamisha watu milioni moja na nusu kwenda vijijini kwa siku chache tu, wengi wao watoto wa shule, kila mtoto na kikaratasi cha jina lake kimefungwa kwenye koti.

Kuna tukio moja naliongezea kila mara. Tarehe 3 Machi 1943 stesheni ya Bethnal Green, king'ora kimelia, watu wanashuka ngazi gizani, mvua imenyesha ngazi zimelowa, ghafla mlio mkubwa usiozoeleka ukasikika karibu, ilikuwa mizinga yao wenyewe ya kutungulia ndege ya aina mpya. Watu wakasukumana, mwanamke mmoja akateleza chini ya ngazi, wa nyuma wakamwangukia, na wa nyuma yao. Watu 173 walikufa kwa kukosa hewa, 62 kati yao watoto, na usiku ule hapo hapakuanguka bomu hata moja.

Dhoruba ya moto ni kitu gani?

Ukiwasha majiko mengi karibu karibu, moto wake unaungana. Sasa chukua hilo kwa kilomita za mraba. Hewa ya moto inapanda juu kwa kasi, chini panabaki utupu, hewa ya pembeni inavutwa kwa nguvu kuja kuziba na inakuja na oksijeni mpya, moto unazidi, upepo unazidi, mpaka upepo unafikia nguvu ya kimbunga na unaelekea kwenye moto wala hauutoki. Mtu anayekimbia anavutwa kurudi nyuma.

Ndo kilichotokea Hamburg, Ujerumani, usiku wa 27 kuamkia 28 Julai 1943. Ilikuwa kiangazi, kumekauka, zimamoto wako upande mwingine wa mji wanahangaika na moto wa siku zilizotangulia. Mtaa wa Hammerbrook, mtaa wa wafanyakazi wa kipato cha chini, ulikwisha kabisa. Lami iliyeyuka barabarani watu wakanasa miguu. Na waliokuwa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, ambao walifanya vilevile walivyofundishwa, wengi walikutwa wamekaa kwenye mabenchi bila jeraha lolote, moto wa juu umemaliza hewa na kuwashushia ile gesi ya mkaa inayoua watu wakilala na jiko ndani. Kampeni nzima ya siku kumi iliua watu kama 37,000 na karibu milioni moja waliukimbia mji.

Ni mji gani ulipoteza watu wengi zaidi kwa usiku mmoja? Ni Hiroshima?

Hapana, na hapa ndo darasa linanyamaza. Ni Tokyo, usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945, miezi mitano kabla ya Hiroshima, kwa mabomu ya kawaida ya moto. Watu wapatao 100,000 walikufa kabla hakujapambazuka, zaidi ya milioni moja wakabaki hawana makazi, kilomita za mraba 41 zikawa majivu.

Jenerali Curtis LeMay alibadilisha mpango wote wa Wamarekani. Zile ndege za B-29 zilikuwa zinapiga mchana kutoka juu sana na zinakosea, yeye akaamuru ziruke usiku, ziruke chini, zitolewe karibu bunduki zote na risasi zake ili zibebe mabomu zaidi. Ndege 279 zilifika juu ya mji na tani 1,665. Za kwanza zilichora alama ya moto kama herufi X kwenye mitaa ya mashariki, zilizofuata zikajaza. Bomu lenyewe ni bomba fupi la chuma lenye petroli iliyogandishwa kama jeli, linatoboa paa, linatua sakafuni, halafu linarusha huo ujiuji unaowaka mbali sana na ukikugusa haupanguki wala haufutiki. Nyumba za pale zilikuwa za mbao na karatasi, zimebanana, na usiku ule kulikuwa na upepo mkali. Upande ule wa mji walikaa mafundi, wachuuzi na watu wa karakana ndogo ndogo. Matajiri walikuwa wanakaa vilimani upande wa pili.

Watu walikuwa wamefundishwa kuzima moto kwa ndoo na mifagio iliyoloweshwa, na kuvaa kofia nene za kitambaa zilizojazwa pamba zifunike masikio na mabega ili vifusi visije vikawaumiza. Cheche zilivyoanza kuruka kama mvua, zile kofia za pamba ndo zikawa za kwanza kushika moto. Halafu kina mama. Mama wa Tokyo alikuwa anabeba mtoto mgongoni, vilevile kama kwetu mama anavyombeba na kanga, na manusura wamesimulia walivyowaona kina mama wanakimbia na mtoto mgongoni anawaka na mama hajajua, kwasababu kelele ya upepo ilikuwa kubwa kuliko kilio. Nimelisoma hilo miaka mingi iliyopita na mpaka leo nikimuona mama amembeba mtoto anakimbilia daladala huwa linanijia.

Wengine walikimbilia mto Sumida. Daraja la Kototoi likajaa watu kutoka pande zote mbili, kila upande unaamini ng'ambo ndo kuna usalama, wakakutana katikati na moto ukapita juu ya daraja. Walioruka majini wengine walizama, wengine walikufa kwa baridi maana ni Machi na Machi kule bado ni baridi. Mabwawa ya kuogelea ya shule yalijaa maiti.

Na kuna watoto ambao hawakutakiwa kuwepo kabisa. Tangu 1944 watoto wa shule za msingi walishapelekwa vijijini, lakini darasa la sita walirudishwa Tokyo mwanzoni mwa Machi kwa ajili ya mahafali ya kumaliza shule. Wakakuta wazazi wao, wakalala nyumbani siku chache, na mabomu yakaja.

Baada ya vita serikali ya Japani iliwalipa pensheni askari na familia zao. Raia wa Tokyo waliounguzwa au kubaki yatima hawakulipwa, walienda mahakamani wakiwa wazee wa miaka 70 na 80 na mahakama ya juu kabisa ikatupilia mbali kesi yao mwaka 2013.

Dresden walikufa 200,000 kweli?

Hapana. Hiyo namba ya mji huu wa Ujerumani ilisambazwa na propaganda ya Nazi na bado inazunguka. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wenyewe ilimaliza kazi mwaka 2010 ikasema ni mpaka watu 25,000, waliouawa kati ya 13 na 15 Februari 1945. Elfu ishirini na tano ni wengi mno, wengine walikuwa wakimbizi waliotoka mashariki wanatafuta pa kulala, haihitaji kuongezwa sifuri.

Hiroshima na Nagasaki zilitofautianaje na Tokyo?

Ndege moja, bomu moja, na mionzi inayobaki mwilini. Tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi Hiroshima, na mpaka mwisho wa mwaka ule watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Tarehe 9 saa tano na dakika mbili asubuhi Nagasaki, kama 70,000. Nagasaki wala haikuwa chaguo la kwanza, ndege ilienda Kokura ikakuta anga limefunikwa, ikazunguka, ikaondoka. Watu wa Kokura walikula chakula chao cha mchana siku ile bila kujua.

Asubuhi ile Hiroshima maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 walikuwa nje katikati ya mji, wameletwa kubomoa nyumba ili kutengeneza nafasi za kuzuia moto usisambae, kwasababu walikuwa wanategemea mji wao utachomwa kama Tokyo. Wanafunzi kama 6,000 wa kazi hiyo walikufa. Kwenye makumbusho ya pale kuna kontena la chakula la mmoja wao, la bati. Mama yake alimtafuta siku tatu, akamtambua kwa kile kikontena kilichokuwa chini ya mwili. Kimepinda, na ukikiangalia ndani chakula kipo, kimegeuka mkaa mweusi, unaona kabisa umbo lake. Mtoto hakukifungua maana muda wa kula haukufika.

Waliopona walianza kuumwa baadaye, nywele zinatoka, madoa ya damu chini ya ngozi, na miaka michache mbele ikaja saratani ya damu hasa kwa watoto. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka, alionekana mzima kabisa, akafa Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Manusura wengi walificha kwamba walikuwa pale kwasababu ilikuwa ngumu kuolewa au kupata kazi, watu waliogopa. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2024, miaka 79 baadaye.

Eti ni kweli madini ya bomu la Hiroshima yalitoka Kongo?

Ni kweli, sehemu kubwa. Mgodi unaitwa Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, sehemu ambayo watu wanaongea Kiswahili mpaka leo. Urani yake ilikuwa tajiri kupita kiasi, mawe mengine yalifika asilimia 65 wakati migodi mingine duniani ilikuwa inashangilia hata nusu asilimia. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo mpaka New York yakakaa kwenye ghala Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, halafu mgodi ukafunguliwa tena kimyakimya. Vibarua wa Kikongo waliyachimba na kuyapanga kwa mikono bila kinga yoyote na bila kuambiwa ni nini. Kwahiyo swali la chini kulikuwa na nani lina jibu jingine hapa, chini kabisa mgodini kulikuwa na watu wetu, na hao hawana kontena lao makumbusho.

Je, mabomu yalisaidia kumaliza vita?

Inategemea unauliza mabomu gani. Mashambulizi ya mwaka 1944 kwenye viwanda vya mafuta ya Ujerumani yaliumiza kweli, ndege na vifaru vikakosa mafuta, hilo hata wao walikiri. Lakini lile wazo la Douhet kwamba wananchi watakata tamaa waipindue serikali halikutokea London, halikutokea Hamburg, halikutokea Tokyo. Mtu aliyeunguliwa nyumba hafikirii mapinduzi, anatafuta maji, anatafuta mwanae, na chakula kinagawiwa na serikali ileile kwa hiyo anaitegemea zaidi. Baada ya vita Marekani iliunda tume kubwa kuchunguza matokeo ya mabomu na ikaonekana uzalishaji wa silaha wa Ujerumani uliendelea kupanda mpaka 1944, miaka miwili ndani ya kuchomwa miji. Kuhusu Japani wanahistoria bado wanabishana, kuna bomu la atomiki na kuna Urusi kuingia vitani siku zilezile. Mimi naona vyote viwili vilihusika na sioni kwamba ile miji mingine zaidi ya 60 iliyochomwa kabla iliwasogeza viongozi wao hata hatua moja.

Na marubani wenyewe walijisikiaje?

Walikufa sana pia. Kikosi cha Harris kilikuwa na watu kama 125,000 na waliouawa ni 55,573, vijana wa miaka 20 na kidogo. Na Wamarekani waliopita juu ya Tokyo walisimulia kwamba harufu iliingia mpaka ndani ya ndege.

Huku Afrika Mashariki hatukupigwa?

Tulipigwa, kidogo ukilinganisha, lakini kwa aliyekuwepo hamna kidogo. Oktoba 1940 ndege za Italia zilipiga Malindi. Septemba 1972 Idi Amin alipiga Bukoba na Mwanza kwa ndege, na Oktoba 1978 vita ya Kagera ilipoanza Bukoba ikapigwa tena. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Bukoba wakati huo, anasema waliambiwa wasiwashe taa usiku na wasianike nguo nyeupe nje, na mlio ukisikika wanakimbilia kwenye migomba, sio kwamba mgomba unazuia bomu, ila ukiwa chini ya majani hauioni ndege na usipoiona unajisikia kama na yenyewe haikuoni. Mpaka amekuwa mzee ndege ikipita chini anaacha anachofanya anasikiliza mpaka iishe. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga Mwanza ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama wa hifadhi.

Na jirani kabisa kuna Hargeisa. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre wa Somalia iliupiga mji wake yenyewe, ndege zinaruka uwanja wa ndege wa Hargeisa, zinageuka, zinapiga Hargeisa, zinatua palepale kujaza mabomu mengine. Sehemu kubwa ya mji ilibomoka, na ndege ya MiG iliyoanguka wameisimamisha katikati ya mji kama mnara, ukienda utaiona.

Sheria inasemaje? Haikuwa kosa?

Kabla ya 1939 kulikuwa na rasimu ya sheria za vita vya angani, iliandikwa The Hague mwaka 1923 na hakuna nchi iliyoipitisha. Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Nazi baada ya vita, haikumhukumu mtu kwa kupiga miji kwa ndege, maana pande zote zilikuwa zimefanya na washindi walifanya zaidi. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 uliwalinda raia kwa mambo mengi lakini ni itifaki yake ya nyongeza ya mwaka 1977 ndo iliyoandika wazi kwamba raia hawaruhusiwi kuwa shabaha na kwamba kuchukulia mji mzima kama shabaha moja ni marufuku. Ilichukua miaka 66 tangu Gavotti.

Mabomu ambayo hayakulipuka yaliishia wapi?

Yapo. Ujerumani wanaokota mabaki ya silaha za vita ile mpaka leo kila mwaka, na Septemba 2017 watu wapatao 60,000 walitolewa majumbani mwao Frankfurt, pamoja na wagonjwa wa hospitali mbili, kwa sababu ya bomu moja la Waingereza lenye uzito wa tani 1.8 lililokutwa kwenye ujenzi.

Mabaya zaidi ni yale ya kuchelewa, yaliyotengenezwa yalipuke masaa au siku baadaye, wakati watu wametoka mafichoni na waokoaji wanafukua. Ndani kuna kichupa cha asetoni, ileile ya kutolea rangi ya kucha. Bomu likianguka kichupa kinavunjika, asetoni inadondokea kwenye kisahani cha plastiki laini kinachoshikilia springi, kisahani kikiisha kuyeyuka springi inaachia na bomu linalipuka. Shida ni kwamba ardhi ikiwa laini bomu linaingia, linageuka chini kwa chini, pua inaangalia juu, asetoni inavuja upande usio na kisahani. Kisahani hakiyeyuki. Kinabaki pale kinachakaa chenyewe taratibu.

Mji unaoongoza kwa hayo ni Oranienburg, kaskazini ya Berlin. Tarehe 15 Machi 1945 ndege zaidi ya 600 za Marekani ziliupiga kwa maelfu ya mabomu, mengi ya kuchelewa, kwasababu kulikuwa na kiwanda kinachosafisha urani ya Wajerumani, urani waliyoiteka Ubelgiji mwaka 1940, na Ubelgiji iliitoa Shinkolobwe. Mamia ya mabomu bado yako chini ya nyumba na bustani za watu, kuna timu za mji zinatoboa ardhi na kupima sumaku mtaa kwa mtaa, na mwenye kiwanja pale hapewi ruhusa ya kujenga mpaka ardhi yake ikaguliwe. Mengine yamelipuka yenyewe bila mtu kuyagusa.